Lita Moja ya Dizeli, Zaidi ya Kilo Mbili na Nusu za Hewa Ukaa

Wanachuo wenzangu, naanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Jiografia kidato cha pili, mada ya usafirishaji. Nikataka kuonyesha kwamba mimi si mwalimu wa kunakili kitabu tu. Nikaandika ubaoni takwimu niliyoitoa kwenye makala ya kitaaluma: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.68 za hewa ukaa. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, lita ya dizeli yenyewe haifiki hata kilo moja. Hizo kilo nyingine zinatoka wapi?"

Darasa likatulia. Mwalimu mwenyeji alikuwa amekaa nyuma na fomu yake ya tathmini. Mimi nasoma Kemia na Jiografia, yaani swali lile lilikuwa la kwangu kabisa, lakini kichwa kilikuwa cheupe. Nikasema, "Samahani, ni 0.68. Futeni." Wakafuta. Yule binti naye akafuta, polepole, huku ananiangalia. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho pale. Namba ya uongo ikabaki kwenye madaftari zaidi ya arobaini, na aliyeiweka humo ni mimi.

Jibu nililikuta jioni ile ile, na wala halihitaji maabara. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, na kama asilimia 86 ya uzito huo ni kaboni, yaani karibu gramu 720. Kaboni ikiungua, kila atomu yake hukamata atomu mbili za oksijeni kutoka hewani. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12, wa oksijeni ni 16, kwa hiyo molekuli nzima ya kabonidayoksaidi ni 44. Gramu 12 za kaboni zinazaa gramu 44 za hewa ukaa. Zidisha 720 kwa 44, gawanya kwa 12, unapata gramu 2,640. Tofauti ndogo na ile 2.68 inategemea aina ya dizeli. Uzito wa ziada haukuwahi kuwa kwenye tangi. Ni kama kilo moja ya unga kutoa ugali wenye uzito unaozidi kilo: hakuna anayeshangaa, kwa sababu tunajua maji yameingia.

Hiyo ndiyo namba imara kuliko zote katika utafiti wa usafiri na mazingira. Gari liwe jipya au chakavu, la Ulaya au la Tandale, lita ni lita. Matatizo yanaanza pale mtafiti anapoanza kugawanya.

Nilipopeleka wazo langu la utafiti kwa msimamizi, nilikuwa nimeandika kwamba daladala "zinachafua sana kuliko magari madogo". Akazungushia sentensi ile kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Kwa kila nini?" Sikumwelewa mpaka nilipokaa na kupiga hesabu.

Tuseme daladala aina ya Coaster inatumia lita moja kwa kilomita 5 mjini, na njia yake ni kilomita 20. Imechoma lita 4, imetoa kilo 10.7. Gari dogo la petroli, tuseme, linakwenda kilomita 10 kwa lita. Njia hiyo hiyo litachoma lita 2, na kwa kuwa lita ya petroli hutoa kama kilo 2.3, jumla ni kilo 4.6. Ukigawanya kwa gari, daladala ni mchafuzi mara mbili na zaidi. Sasa gawanya kwa mtu. Daladala yenye abiria 40 ni gramu 270 hivi kwa kila mmoja. Gari dogo lenye dereva peke yake ni kilo 4.6 zote juu ya kichwa kimoja. Hata daladala ikibaki na abiria 10 tu, kila mmoja anabeba kilo moja na kidogo. Mpaka abiria wapungue wabaki wawili ndipo yule wa gari dogo anaweza kumcheka mwenzake.

Kwa hiyo konda anapopiga kelele "sogea nyuma, nafasi ipo!" wakati wote tunaona haipo, anaboresha takwimu za mazingira bila kulipwa. (Sisemi tumshukuru. Mgongo wangu una maoni yake.)

Lakini hesabu yangu nayo ina tundu. Abiria 40 hawapandi wote mwanzo wa njia na kushuka mwisho. Mwingine anashuka kituo cha tatu. Ndiyo maana watafiti hutumia kipimo cha abiria-kilomita: watu kumi wakisafiri kilomita 2 kila mmoja ni abiria-kilomita 20, sawa na mtu mmoja aliyesafiri kilomita 20. Ukisoma tasnifu ikakupa gramu kwa abiria bila kueleza umbali, weka alama ya kuuliza.

Kuna pia jambo la gari kusimama kituoni injini inaunguruma, kilomita haziongezeki, dizeli inakwisha. Mtu wa mazingira ataandika "madereva wanahitaji elimu". Nadhani atakuwa amekosea. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya tajiri kila siku, na asipojaza gari hesabu haitimii. Matteo Rizzo, aliyetafiti wafanyakazi wa daladala Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake Taken for a Ride mwaka 2017, hakuwa akipima moshi hata kidogo, alikuwa akichunguza ajira. Lakini mtu anayetaka kuelewa kwa nini Coaster inasimama robo saa kituoni atajifunza zaidi kwenye mikataba ya kazi kuliko kwenye bomba la moshi.

Mabasi ya mwendokasi nayo yalete kwenye mizani. Awamu ya kwanza ilianza kutoa huduma Mei 2016, karibu kilomita 21 za njia, Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Basi lenye njia yake halikai kwenye foleni, hilo linaeleweka. Ila mtafiti akitaka kusema moshi umepungua, lazima aulize kila abiria: zamani ulikuwa unapanda nini? Aliyetoka kwenye gari lake binafsi ameokoa kilo kadhaa kwa safari. Aliyetoka kwenye daladala iliyojaa ameokoa kidogo sana. Wote wawili wamekaa kiti kimoja na tiketi zao zinafanana.

Hapa nimezungumzia hewa ukaa tu, inayopasha joto dunia nzima. Mama anayeuza chapati kituoni hasumbuliwi na hiyo. Kinachomwingia kifuani ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele kwa zaidi ya mara ishirini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Na kwenye chembechembe lita si lita tena. Injini mbovu, chujio lililong'olewa, dizeli yenye salfa nyingi, kila kimoja kinabadilisha namba. Hata hivyo tafiti nyingi za miji yetu huazima viwango vilivyopimwa kwenye magari ya Ulaya. Magari yenyewe yanatufikia yakiwa mitumba: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yakiuzwa nje ya nchi kati ya 2015 na 2018, na sehemu kubwa ilikuja Afrika.

Ukidhani kubishana juu ya "ukilinganisha na nini" ni ubishi wa wasomi tu, angalia madini ya risasi. Yaliwekwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa utafiti mkuu wa madhara yake ulilipiwa na viwanda vilivyoyauza. Walisema kiwango cha risasi kwenye damu za watu ni cha kawaida. Clair Patterson, Mmarekani aliyekuwa amepima umri wa dunia, aliandika mwaka 1965 kwamba kawaida na asilia ni vitu viwili: watu wote mliowapima wamekwisha kuchafuliwa. Kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondoka mwanzoni mwa 2006. Aljeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha kuiuza Julai 2021.

Utafiti wangu mimi ni mdogo mno. Sina mashine ya kupima chembechembe, na boomu haliwezi kuinunua. Nina daftari. Nitakaa kwenye kituo kimoja saa 12 asubuhi na saa 5, nihesabu vichwa kwenye kila daladala, niwaulize madereva jana walijaza lita ngapi na walikwenda tripu ngapi. Sentensi ya "zinachafua sana" nimeifuta.

Na nimemwandikia mwalimu mwenyeji, nikamtumia hesabu ya kaboni na oksijeni, nikamwomba awasomee wale wanafunzi. Alijibu kwamba yule binti alishamfuata mwalimu wa Kemia siku ile ile. Kwenye daftari lake 2.68 imerudi. Wengine atawasomea Jumatatu.