Kovu la Katekista: Picha, Akili Mnemba na Wajibu wa Kusema Kweli



Mwaka jana parokia moja jirani na seminari yetu ilijiandaa kwa jubilei. Kamati ikatuomba sisi mafrateri tunaoshughulikia picha za jarida hili tuandae ubao wa picha za kale. Kati ya tulizoletewa ilikuwamo moja ndogo, ya ukubwa wa paspoti, ya katekista wa kwanza wa parokia. Ilikuwa imekunjika katikati, ina madoa ya maji, na uso ulionekana kama kwa mbali. Tuliipiga kwa simu, tukaiingiza katika programu ya akili mnemba ya kurekebisha picha za zamani, na kabla ya dakika moja kwisha tukapata sura kubwa, safi, macho yanang'aa, hata ndevu zinahesabika. Tulifurahi mno. Tukaichapisha kubwa na kuitundika ukumbini.

Mjane wake bado yu hai. Aliletwa na wajukuu, tukamwamkia, tukamwonyesha. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Wanangu mafrateri, huyu ni nani?" Tukamweleza. Akatikisa kichwa. "Mume wangu alikuwa na kovu hapa," akasema, akigusa juu ya nyusi yake ya kushoto. "Alipigwa na tawi tukiwa bado wachumba. Huyu ni mtu mwingine aliyevaa shati lake."

Tulirudi kwenye picha ya asili tukiwa na kioo cha kukuzia. Kovu lilikuwapo. Programu ililichukulia kuwa mkwaruzo wa karatasi, ikalifuta pamoja na mikwaruzo mingine.

Somo hili limetokana na aibu ile, na tunaliandika kwa ajili ya wenzetu seminarini na kwa waamini wote ambao siku hizi wana programu kama hizo mifukoni mwao.

Tuanze na swali la msingi: picha ni nini? Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, alitofautisha aina za ishara. Ipo ishara inayowakilisha kitu kwa sababu inafanana nacho, kama mchoro wa mguu. Ipo nyingine inayowakilisha kitu kwa sababu kitu chenyewe kiliisababisha, kama unyayo kwenye tope. Picha ya kamera ni vyote viwili. Inafanana na mtu, lakini pia mwanga uliomgusa mtu huyo ndio uliogusa filamu. Ndiyo maana tunaiweka picha ya marehemu mbele ya jeneza bila kuona tumeweka mapambo tu.

Akili mnemba inayotengeneza picha ina nusu moja tu ya hayo: kufanana. Mashine hufunzwa kwa picha nyingi mno pamoja na maelezo yake. Mkusanyo mmoja maarufu uliotolewa mwaka 2022, LAION-5B, una jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maneno. Picha huvurugwa kwa chengachenga hadi isionekane kitu, na mashine hujifunza kuziondoa hatua kwa hatua. Ikishazoea, unaweza kuipa chengachenga tupu na maneno machache, nayo itazisafisha mpaka itokee sura. Sura hiyo haikuwa mahali popote. Mashine inakisia tu kile ambacho kwa kawaida huonekana katika picha za namna hiyo.

Kukisia huko kunafuata ilichokula. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, inayopokea uso wenye ukungu na kutoa uso ulio wazi. Watu wakaipa picha yenye ukungu ya Barack Obama, rais wa kwanza mweusi wa nchi ile. Ikawarudishia mzungu. Kwa sisi ambao babu na bibi zetu wamebaki katika vipicha hafifu vya vitambulisho, jambo hilo si la kuchekwa likapita. Kila mahali ambapo picha haina taarifa, mashine itajaza kwa wastani wa watu iliowaona zaidi, na huenda watu wetu si miongoni mwao.

Mtu atasema: lakini picha zimehaririwa tangu zamani. Ni kweli. Wasafishaji filamu katika chumba cha giza waliongeza mwanga hapa na kuupunguza pale. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri alifutwa kwenye picha aliyopigwa pamoja na kiongozi huyo baada ya kuangushwa. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990. Lakini mhariri wa zamani, awe mwema au mwovu, alijua anachofuta, na aliyemfuta Yezhov alijua kuwa ni Yezhov. Sisi hatukujua kwamba tumefuta kovu. Hapo ndipo tunapoona upya wa zana hizi. Urahisi wa kudanganya umeongezeka, ndiyo, ila zaidi ya hilo mtu anaweza sasa kutoa jambo lisilo kweli bila yeye mwenyewe kulijua, na huku akiona amefanya kazi nzuri.

Je, tulisema uongo? Mtakatifu Agustino, katika kitabu chake juu ya uongo, anakataa kumwita mwongo kila anayesema lisilo kweli. Anayeliamini kuwa kweli amekosea, wala hakudanganya, ingawa anaweza kulaumiwa kwa kuamini harakaharaka. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafuata njia hiyo: kauli inaweza kuwa na kasoro kwa upande wa jambo lenyewe bila kuwa na kasoro kwa upande wa nia. Kwa kipimo hicho hatukuwa waongo. Lakini Thoma huyohuyo anafundisha kwamba ukweli ni kupatana kwa akili na kitu kilivyo, na ubao wetu haukupatana na uso wa yule mzee. Nia njema haikurudisha kovu. Tulikuwa na mashahidi wawili, picha ya asili na mjane, na hatukumwuliza hata mmoja. Huo ndio uharaka anaousema Agustino.

Isidhaniwe kwamba tunaipinga sanaa. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kitengo kimoja cha Sony World Photography Awards kwa picha ya wanawake wawili iliyoonekana kama ya miaka ya 1940. Aliitengeneza kwa akili mnemba, na alipopewa tuzo akaikataa, akieleza kwamba picha za namna hiyo na za kamera hazipaswi kushindanishwa pamoja. Tunamheshimu kwa hilo. Kazi yake inaweza kutazamwa kama mchoro unavyotazamwa, maadamu inaitwa jina lake.

Shida ni kwamba jina hupotea njiani. Machi 2023 ilisambaa picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti refu jeupe la baridi, la kifahari. Mtu mmoja wa Chicago aliitengeneza kwa programu ya Midjourney kwa kujifurahisha tu. Mamilioni waliipokea bila maelezo yoyote na wengi wakaamini. Katika ujumbe wake wa Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mwaka 2024, Baba Mtakatifu aliyejadili akili mnemba aligusia kwamba hata yeye alishatengenezewa picha bandia. Watengenezaji wa kamera wanajaribu kulitatua: Leica M11-P, iliyotoka mwaka 2023, inaambatanisha ndani ya picha taarifa za asili yake na mabadiliko yake. Ni hatua nzuri, ila mitandao mingi huziondoa taarifa za namna hiyo picha inapotumwa, na kamera yenyewe haiko katika bajeti ya seminari yoyote tunayoijua.

Kwetu tumekubaliana mambo machache. Picha za Mkesha wa Pasaka, zilizopigwa kwa mwanga wa mishumaa, tunaziondolea chengachenga kwa programu. Tunajua hata huko ni kukisia, lakini kunahusu ukuta na giza, na tunalinganisha nyuso na picha ya asili. Hatuunganishi nyuso za picha mbalimbali ili wote waonekane wamefumbua macho, ingawa simu nyingine sasa hufanya hivyo zenyewe; Pixel 8 ilikuja na uwezo huo mwaka 2023. Kikundi cha watu thelathini wote wakitabasamu kwa wakati mmoja ni tukio ambalo pengine halikutokea. (Frateri aliyesinzia siku ya upadrisho ataendelea kusinzia.) Mabango ya miito tunaweza kuyatengeneza tupendavyo, tukiandika chini yake namna yalivyotengenezwa. Na picha ya marehemu haiguswi bila mtu aliyemfahamu kukaa pembeni yetu.

Ubao tuliubadilisha. Tuliiskani upya ile picha ndogo, tukarekebisha mwanga tu, mkunjo tukauacha katikati. Bibi aliweka kidole juu ya kovu, akakaa hivyo kitambo, asiseme neno.

Wajukuu wake, lakini, waliipenda ile ya kwanza. Wanasema babu alipendeza. Ingali inazunguka katika kundi la WhatsApp la ukoo, na mmoja wao ameiweka kuwa picha yake ya utambulisho. Tulimwomba aiondoe. Akatuuliza kwa upole kama tuna hakika kwamba babu yake hakuwa hivyo kabla ya tawi lile kumpiga.