Mazoezi ya kupumua yatamtuliza mwanangu?

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, yuko P.6. Akikosea hesabu anachana daftari, akikanywa analia kwa hasira. Shuleni kwao sasa wanakalishwa kimya kila asubuhi, wafumbe macho na kufuatilia pumzi zao. Kuna faida, au ni kuwapotezea muda? — Mama, Kawempe

JIBU: Faida ipo, mama, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomzuia mtu asitende kabla ya kufikiri, huendelea kukomaa hadi miaka ishirini na kitu. Zile za ndani zinazoamsha hofu na hasira huitangulia. Kwa hiyo usimwone mkaidi.

Pumzi ikitolewa polepole, mapigo ya moyo hushuka. Mfundishe akiwa ametulia, si katikati ya kilio: mkono tumboni, avute akihesabu hadi tatu, aitoe akihesabu hadi tano. Asiyetaka kufumba macho asilazimishwe. Mtoto aliyepitia mambo mazito huweza kushikwa na hofu kwenye ukimya ule.

Utafiti mkubwa wa Uingereza, matokeo yake yakitolewa 2022, ulihusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Masomo ya namna hii hayakuwapa afueni kuliko wenzao waliofundishwa kama kawaida, na wengi hawakuyafanyia mazoezi nyumbani.

Mimi naanzia kwa watu wazima. Huko Luweero, shirika la Raising Voices la hapa Kampala lilifanya kazi na walimu na wanafunzi pamoja kupunguza kipigo, utafiti ukahusisha shule 42 za msingi. Mwishoni, watoto 31 kati ya 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule wiki ile; katika shule ambazo zilikuwa hazijafikiwa, 49. Fimbo shuleni imekatazwa kisheria tangu 2016, lakini mtoto anayeingia darasani akiiogopa hatulizwi na dakika tano za kupumua. Muulize wako, taratibu, nini humpata akikosa hesabu.

Halafu usingizi. Umri wake unahitaji saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule, na usiku akakesha na kazi za shule, atachana daftari tu.

Akijiumiza, akitaja kufa, au hali ikidumu wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya au hospitali ya Butabika, wanahudumia watoto pia.