Somo: Picha Moja Ionyeshe Mwanga na Kivuli

Katibu wa chama cha msingi hupiga picha ghalani wakati wa kupima kahawa. Mlangoni jua ni kali. Penye mizani pana giza. Basi ama mlango hutoka mweupe mtupu, ama namba za mizani hazisomeki, na picha haimfai mwanachama anayedai uzito wake.

Dawa yake ni kamera kuhifadhi faili ghafi, si JPEG peke yake. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 yaweza kubeba ngazi 16,384. Mengi yaliyomo kivulini hayaonekani mpaka yatolewe.

Hatua ni hizi:

1. Mwanga upimwe kwa kufuata mlango. Sehemu iliyoungua kwa mwanga hairudi. Iliyo gizani huweza kuinuliwa.

2. Kwa programu ya kompyuta, faili hiyo moja itolewe nakala tatu: hafifu, ya kawaida na angavu, kisha ziunganishwe. Kwa kuwa picha ilipigwa mara moja tu, wachukuzi wanaotembea hawatokei mara mbili.

3. Giza lisiinuliwe kupita kiasi, maana chembechembe zitajitokeza na kuharibu namba.

Njia hii haiongezi lolote ambalo kamera haikulipokea. Kwa hiyo faili ghafi isifutwe. Hiyo ndiyo hati ya asili. Itunzwe pamoja na stakabadhi za msimu, ili mwanachama mwenye shaka aonyeshwe.