Kabla ya kuhesabu miti, tuulize nasaba ya mbegu

KILA mwaka mvua za masika zinapokaribia, kampeni za kupanda miti hushika kasi katika miji yetu. Shule hupanda, misikiti hupanda, taasisi hupanda, na mwisho wa shughuli hutangazwa idadi: miche elfu moja, miche elfu kumi, miche milioni moja. Ni jambo jema, na fadhila zake Waislamu wanazifahamu kwani masheikh wamezieleza mara nyingi mimbarini. Hali kadhalika, wapo wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine walionunua mashamba Mufindi na Njombe wakapanda misonobari, au mipaini kama wengi wanavyoiita, wakitaraji kuivuna kwa ajili ya ada za watoto au matumizi ya uzeeni.

Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu haliulizwi. Mbegu za miche hiyo zimetoka kwa miti mama mingapi? Tumezoea kuuliza bei ya mche na idadi ya miche. Nasaba yake hatuiulizi. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa swali hilo si la wataalamu peke yao, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama msitu utasimama au utaanguka pale maradhi na ukame vitakapokuja.

Nasaba ya mti

Neno vinasaba tunalolisikia siku hizi hospitalini na mahakamani limetokana na neno nasaba. Mti nao una vinasaba. Kila mbegu hubeba nusu ya urithi kutoka kwa mti mama na nusu kutoka kwa mti uliotoa chavua. Ndiyo maana miti miwili ya aina moja, iliyoota bega kwa bega katika udongo mmoja, inaweza kutofautiana. Mmoja huwahi kuchipua na mwingine huchelewa. Mmoja una mizizi inayozama sana na mwingine una majani ambayo wadudu hawayapendi. Qur'an nayo, katika aya ya 4 ya Surat Ra'd, inatuelekeza tuitafakari tofauti hii katika mimea inayonyweshwa maji ya namna moja.

Tofauti hizo ndizo akiba ya msitu. Katika mwaka wa kawaida huwezi kuona faida yake. Siku linapokuja janga, miti iliyokuwa haina sifa yoyote ya pekee huenda ikawa ndiyo inayobaki hai na kutoa mbegu za kizazi kinachofuata. Msitu usiokuwa na tofauti hizo hauna wa kubaki. Ukiwa na miti milioni moja yenye urithi mmoja, basi mbele ya ugonjwa una mti mmoja tu uliorudiwa mara milioni.

Lipo pia tatizo la udugu. Mti uliobaki peke yake, mbali na wenzake, mara nyingi hujichavusha wenyewe, au huchavushwa na ndugu yake wa karibu. Kwa miti ya aina nyingi, mbegu za namna hiyo huwa nyingi tupu, na miche inayoota huwa dhaifu. Anayefahamu hukumu ya ndoa za maharimu hatapata tabu kuelewa jambo hili. Na miti mingine, kama mvule, ina dume na jike kama ilivyo kwa mtende. Ukikata mivule yote ya jirani ukaacha jike mmoja kwa ajili ya mbegu, umeacha kivuli tu.

Funzo la mtende

Tuanze na mti ambao kila Muislamu anaujua. Mtende haupandwi aghalabu kwa kokwa. Mkulima anayeitaka tende ya aina fulani huchukua chipukizi lililoota ubavuni mwa mtende mama akalipanda. Kwa njia hii anapata mtende uleule, na tende zenye ladha ileile. Faida yake ni kubwa, na hatari yake ni kubwa vilevile, kwani shamba zima linakuwa nakala ya mti mmoja.

Nchini Morocco, tangu karne ya 19, ulizuka ugonjwa unaoitwa bayoud, jina lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya weupe, kwa sababu makuti ya mtende mgonjwa hupauka. Unasababishwa na kuvu anayekaa ardhini na kuingia kupitia mizizi. Katika muda wa takriban miaka mia moja, inakadiriwa kwamba uliua mitende zaidi ya milioni 10. Tende bora kabisa, Majhul, ilikuwa miongoni mwa zilizodhurika vibaya. Mwaka 1927 mtaalamu wa Kimarekani, Walter Swingle, alichukua machipukizi 11 ya Majhul kutoka Morocco na kuyapeleka Marekani. Yalipona 9, na hayo ndiyo yaliyokuwa chanzo cha kilimo cha Majhul nchini humo. Tende hizo za bei kubwa zinazouzwa madukani Ramadhani zina historia ya namna hiyo.

Je, mashamba ya Morocco yaliokolewa na nini? Katika mashamba ya kule huota pia mitende isiyopandwa na mtu, iliyotokana na kokwa zilizodondoka. Wenyeji huiita khalt, yaani mchanganyiko. Haina jina wala bei, na tende zake nyingi hulishwa mifugo. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya Morocco walipotafuta mtende unaoweza kuvumilia bayoud huku ukitoa tende nzuri, waliupata miongoni mwa hiyo mitende isiyo na jina. Wakauita Najda, yaani msaada wa kuokoa, wakauzalisha kwa wingi na kuugawa kwa wakulima. Zingatia hapa, ndugu msomaji. Lau wakulima wangekuwa wameng'oa kila khalt ili wabaki na mitende bora tu, uokozi huo usingekuwapo. Na lau leo watapanda Najda peke yake kila mahali, watakuwa wamerudi kwenye mtego uleule kwa jina jipya.

Yaliyotokea kwetu

Mtu anaweza kusema hayo ni ya mitende na ya mbali. Hapana, kwetu Afrika Mashariki yametokea, tena zaidi ya mara moja.

Zamani mashamba ya misonobari ya Kenya na Tanganyika yalipandwa kwa wingi aina iitwayo Pinus radiata, yenye asili ya California, kwa sababu hukua haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 uliingia ugonjwa wa kuvu unaoitwa dothistroma, unaokausha majani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 upandaji wa aina hiyo ukasimamishwa, na nafasi yake ikachukuliwa zaidi na Pinus patula kutoka Mexico, ambayo huustahimili ugonjwa huo vizuri zaidi. Hiyo ndiyo aina iliyotawala mashamba ya Sao Hill hata leo.

Kisha ikaja zamu ya misaipresi. Mwaka 1986 kidukari wa saipresi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, alionekana Malawi, na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Mashamba yaligeuka rangi ya kahawia na miti mingi ikafa. Lakini watu walianza kuona jambo la ajabu: katikati ya miti iliyokauka ulisimama mmoja mmoja ulio kijani. Watafiti wa Kenya walipopima familia mbalimbali za saipresi, walikuta kwamba uvumilivu huo kwa sehemu unarithiwa. Maana yake ni kwamba mbegu za miti ile zilikuwa na thamani ambayo hakuna aliyeijua kabla ya mdudu kuingia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika msiba wa mikaratusi. Nyigu mdogo sana aliingia Kenya na Uganda, kisha Tanzania, akawa anataga mayai ndani ya majani machanga na kuyafanya yavimbe vinundu. Wakati huo mikaratusi inayozalishwa kwa vikonyo ilikuwa imeanza kupandwa kwa wingi. Vikonyo vya mti mmoja ni mti uleule, kama yale machipukizi ya mtende. Matokeo yake yalionekana wazi: baadhi ya nasaba ziliharibiwa vibaya na nyingine hazikuguswa sana. Mwenye shamba la nasaba moja iliyo dhaifu alipata hasara shamba zima. Mwenye mchanganyiko alibakiwa na kitu.

Msitu unaojiponya

Ulaya nao wana kisa chao. Mti uitwao eshi (Fraxinus excelsior) ulianza kufa Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuvu aliyetoka mashariki ya Asia, na mwaka 2012 ugonjwa ukathibitishwa Uingereza. Ni miti michache sana yenye uvumilivu wa kutosha. Mwaka 2025 wanasayansi wa Uingereza walitoa utafiti wao kutoka msitu mmoja wa Surrey. Walilinganisha vinasaba vya miti mizee na vya miche iliyoota yenyewe baada ya ugonjwa, wakakuta kuwa kwa wastani miche ina vinasaba vya uvumilivu kuliko wazee wake. Miche dhaifu inakufa, yenye nguvu inabaki, na kizazi kinabadilika kidogo kidogo. Hilo linawezekana kwa sababu miti ile ilikuwa na tofauti tangu awali.

Hata hivyo tusidanganyane, tofauti za nasaba si hirizi. Mwaka 1904 kule New York ulionekana ugonjwa wa mti wa chestinati, na katika nusu karne ukaua miti inayokadiriwa kuwa bilioni 3 hadi 4. Msitu ule ulikuwa wa asili na wenye tofauti nyingi, lakini kinga dhidi ya ugonjwa ule haikuwamo, au ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo hatusemi kwamba mchanganyiko unazuia kila janga. Tunachosema ni kuwa asiye na mchanganyiko hana hata nafasi ya kujaribu.

Hali ya hewa inabadilika, mti hauhami

Suala hili limekuwa zito zaidi zama hizi kwa sababu joto linaongezeka na mvua hazitabiriki. Mkulima wa mahindi akikosea mbegu mwaka huu, msimu ujao atabadilisha. Mwenye msonobari amefunga mkataba wa miaka 15, 20 au zaidi, na mwenye mvule amefunga mkataba na wajukuu. Mti alioupanda katika hali ya hewa ya leo utakomaa katika hali nyingine.

Hata mbegu za aina moja hubeba mazoea ya kule zilikotoka. Upo mgunga uitwao kitaalamu Faidherbia albida, unaopukutisha majani wakati wa mvua, na ambao umeenea kutoka Senegal hadi kusini mwa Afrika. Majaribio ya Afrika Magharibi yalionyesha kuwa mbegu zilizotoka mashariki na kusini mwa bara zilipata taabu kuishi katika ukame wa kule, wakati za kwao zilistahimili. Aina ni moja, jina ni moja, lakini urithi ni tofauti. Kwa mantiki hiyo, mti wa sehemu kavu unaodharauliwa kwa ufupi wake huenda ndio wenye urithi tutakaouhitaji miaka 30 ijayo.

Tufanye nini?

Kwanza, anayenunua miche aulize mbegu zimetoka wapi na kwa miti mingapi. Muuzaji aliyeokota mbegu zote chini ya mti mmoja uliopo karibu na kitalu chake anauza ndugu wa tumbo moja. Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) una kituo cha mbegu za miti Morogoro, na hapo swali kama hilo lina wa kulijibu.

Pili, shule au msikiti unaokusanya mbegu zake wenyewe ufuate kanuni inayotumiwa na wataalamu: chukua kwa miti mama isiyopungua 30 hivi, yenye afya, iliyoachana kwa mita 50 hadi 100, na kila mti utoe kiasi kinachokaribiana. Kazi hii inaweza kufanywa na wanafunzi kwa siku chache za likizo, na haina gharama kubwa.

Tatu, mwenye shamba asiweke mtaji wake wote kwenye aina moja, seuze nasaba moja. Akipanda vikonyo, achanganye nasaba kadhaa kwa vitalu mbalimbali. Mfanyabiashara hatii fedha zake zote katika bidhaa moja, basi kwa nini afanye hivyo kwa miti?

Nne, na hili ndilo kubwa, tuilinde misitu ya asili iliyobaki. Wakazi wa Dar es Salaam wana misitu ya Pugu na Kazimzumbwi mlangoni mwao, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Baadhi yetu hujiliwaza kwamba miti ikikatwa itapandwa mingine. Idadi kweli inaweza kurudishwa katika masika moja. Urithi uliojengeka kwa maelfu ya miaka ya ukame, mafuriko na maradhi haurudishwi na kitalu chochote. Gunia la mkaa linalopikia chakula chetu cha jioni laweza kuwa limetoka kwenye mti uliobeba kinga ambayo hatukuwahi kuijua.

Basi masika haya, mgeni rasmi atakapotangaza idadi ya miche iliyopandwa, asimame mmoja wetu aulize kwa adabu: mbegu hizi zimetoka kwa mama wangapi? Na kamati iliyoandaa shughuli hiyo iwe imejiandaa kulijibu.