Msalaba Mbele ya Wanaouliza: Mafunzo Niliyopata Kibimba

Ukatekista katika kigango chetu hapa Kibimba, wilayani Ngara, umenikutanisha na maswali ambayo mahubiri ya Ijumaa Kuu hayayamalizi. Vijana huyatoa kwenye simu zao. Jirani zangu Waislamu huyauliza kwa heshima tukiwa msibani. Wazee walioyashuhudia mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 ndio wenye maswali mazito kuliko wote. Kiini chake ni kimoja: Mungu aliyekubali Mwanawe asulubiwe, tumwiteje mwema?

1. Anayeuliza hamtukani Mungu

Katika mafundisho ya kipaimara, kijana mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, baba yangu akinichinja ili apate kuwasamehe majirani zake, si mtampeleka polisi?" Wenzake walimtazama kama mtu anayengoja radi. Nikamwambia aketi, swali lake ni halali. Abrahamu alibishana na Mungu juu ya Sodoma, na Ayubu alidai kesi yake isikilizwe. Dhamiri iliyomfanya kijana huyu achukie baba katili, kaipata wapi kama si kwa Muumba wake?

Tena nilimwambia kwamba picha anayoikataa, na mimi naikataa. Picha hiyo ina historia yake. Mwaka 1098 Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake kuhusu sababu ya Mungu kufanyika mwanadamu. Alifikiri kwa mizani ya zama zake, za mabwana na heshima yao: heshima ya Mungu imevunjwa, sharti irudishwe. Warekebishaji wa karne ya 16 wakaisukuma hoja hadi mahakamani, penye hukumu na adhabu. Wahubiri waliokuja baadaye wakaongeza chumvi, na mwishowe tukabaki na Baba mwenye hasira ambaye hatulii mpaka aone damu. Mwanateolojia Gustaf Aulén wa Sweden, mwaka 1930, aliwakumbusha Wakristo kwamba mababa wa kwanza wa Kanisa walipenda zaidi kusema habari za ushindi: Kristo ameingia ndani ya kifo akakivunja kutoka humo.

2. Ukimtenga Baba na Mwana, umeshindwa kabla hujaanza

Imani yetu haina mtu wa tatu aliyekamatwa njiani akabebeshwa makosa ya wengine. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu mwenyewe alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu. Katika Injili ya Yohana, Yesu anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa kwa hiari. Na misumari ilipigwa na askari wa Kirumi, kwa amri ya Pilato, kwa adhabu waliyozoea kuwapa watumwa na waasi. Wanadamu ndio walioua. Mungu alikuwa upande wa aliyeuawa.

Jirani yangu mmoja Mwislamu, tukiwa tunachimba kaburi, alinikumbusha kwamba Kurani inakataa mtu kubeba mzigo wa dhambi ya mwenzake. Nikamwambia Ezekieli sura ya 18 inasema vivyo hivyo: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hapo tulikubaliana kwamba hakimu anayemfunga asiye na kosa ili mwizi aende zake ni hakimu dhalimu. Nikaendelea: ukinikopesha mbegu za maharage, mvua ikagoma, nawe ukanisamehe, hasara haikupotea hewani, umeibeba wewe. Hivyo ndivyo ninavyoamini Mungu alivyofanya. Alitikisa kichwa, maana yeye haamini kabisa kwamba Isa alisulubiwa, akachukua jembe, ikawa zamu yake ya kuchimba.

3. Msamaha usiomkumbuka aliyeumizwa ni jeraha la pili

Hapa ndipo wazee wa Ngara wanaponibana. Katikati ya Aprili 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia parokia ya Nyarubuye nchini Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, waliuawa papo hapo kanisani. Maiti za wengine waliouawa Rwanda zikapita chini ya daraja la Rusumo, zikaelea hadi Ziwa Victoria, na watu wa Uganda wakawa na kazi ya kuzizika. Tarehe 28 na 29 mwezi huohuo, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja hilo kuja kwetu, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wakulima wenye hofu. Lakini walioua nao walikuwemo. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, aliishi Benaco akiwa mtu wa kuheshimiwa. Alikuja kukamatwa mwaka 2001 katika kambi moja mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimpa miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikaifanya kuwa kifungo cha maisha.

Mzee mmoja aliniuliza: "Muuaji akiungama siku moja kabla ya kufa, anaingia mbinguni. Na yule aliyekatwa panga hata sala hajamaliza?"

Swali hili si la kujibiwa haraka. Nilimwambia kwanza kwamba aliyetundikwa Golgotha anafanana na waliolala Nyarubuye kuliko anavyofanana na walioshika mapanga, kwa hiyo asidhani wale wamesahauliwa. Kisha nikamweleza kwamba Kanisa linadai kitubio kiwe na malipizi, na kwamba ondoleo la padre halifuti kesi ya mahakama. Zakayo hakuishia kulia, aliahidi kurudisha mara nne. Wala hatuwezi kuwaficha watu wetu: padre Athanase Seromba alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 kwa kushiriki mauaji hayo, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Askofu Festo Kivengere wa Uganda ananisaidia zaidi ya wanateolojia wengi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akakimbia nchi. Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani London, aliona kwamba lazima amsamehe Idi Amin, na akaandika kitabu chenye kichwa kilichowashtua wengi, cha kutangaza kwamba anampenda. Lakini hakunyamaza. Aliendelea kuieleza dunia yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Alisamehe kilichokuwa chake kusamehe. Sisi ambao hatukukatwa panga hatuna haki ya kusamehe kwa niaba ya maiti.

4. Kwa nini Mungu hakuzuia

Sijui. Yesu mwenyewe alilia msalabani kwa Zaburi ya 22, akiuliza kwa nini ameachwa, na Baba hakumjibu wakati ule. Anayeniambia mauaji yale yalikuwa mpango wa Mungu, namkatalia.

5. Msalaba si kamba ya kumfungia mke anayepigwa

Hii ndiyo shutuma ninayoiona ina ukweli mwingi zaidi. Katika jumuiya moja, mama alikuja na jicho limevimba, kitenge amekivuta hadi kwenye shavu. Akaambiwa avumilie, huo ndio msalaba wake. Watu walitikia, sala ikaendelea.

Nilimfuata baada ya sala nikamsomea kwamba watu wa Nazareti walipotaka kumtupa Yesu kutoka mlimani, alipita katikati yao akaenda zake. Na Yohana anaeleza kwamba walipotaka kumkamata, aliwaponyoka. Msalaba aliuchukua saa yake ilipofika, kwa hiari, kwa ajili ya wengine. Mama hakuwa amechagua ngumi, na ngumi ile haikumwokoa mtu. Tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Baadhi ya wazee wa kanisa hawakupendezwa, wakasema navunja ndoa za watu. Siku hizi katika mafundisho ya wachumba nayasema haya mapema, wote wawili wakiwa wameketi mbele yangu, kabla hatujagusa habari za mahari.