Bei Yako Ilishalipwa

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko: Warumi 6:3–4, 1 Wakorintho 6:19–20



Jumapili ijayo tunashuka tena mto Gucha kubatiza. Kabla ya kuingia majini, nataka niwapeleke Mkunazini, Zanzibar, kwenye kanisa kuu la Waanglikana.

Nilifika huko mwaka jana. Birika lao la ubatizo liko nyuma, mbali na madhabahu. Desturi hii ni ya kale. Hata kwenye makanisa ya mawe ya Uingereza yenye miaka 800 na zaidi, birika huwekwa karibu na mlango, maana ubatizo ndio mlango wa kuingilia nyumbani mwa Mungu. Wao hubatiza hata watoto wachanga, sisi tunazamisha waliookoka. Leo sibishani hilo. Kilichonishika ni ile ardhi birika limesimama juu yake.

Pale palikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa bara walisimamishwa hapo, wakakaguliwa kama ng'ombe, wakapewa bei. Juni 1873, Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, akalifunga. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo.

Sasa, mimi nilisomea biashara. Chuoni tulifundishwa kwamba bei ya kitu ni ile mnunuzi yuko tayari kulipa. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Mkunazini alikuwa na bei. Halafu mahali palepale watu wakaanza kubatizwa kwa majina yao, na hakuna aliyeuliza ni pesa ngapi. Paulo naye anatumia lugha ya soko: anasema tumenunuliwa, si mali yetu wenyewe. Mnunuzi alilipa kwa damu. Kitu kilicholipiwa hakirudi mezani kuuzwa tena.

Shida ni kwamba sisi hurudi mezani wenyewe. Nilibatizwa hapa Gucha nikiwa na miaka kumi na tisa. Nikiwa na ishirini na sita, kazini, niliombwa niongeze tarakimu kwenye risiti moja. Nikaongeza. Mgao wangu ulikuwa shilingi elfu thelathini. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa bei yangu! Jumapili nilikuwa naongoza sifa, na moyoni najua nimeshauzwa.

Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa, nikamwuliza, "Baba, nibatizwe tena?" Akanijibu, "Kijana wangu, maji hayakukosea. Rudisha pesa." Nilizirudisha kidogo kidogo kwa miezi kumi, na kazi nikaipoteza. Lakini usingizi ulirudi.

Kule Mkunazini wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walikosea wakati Askofu Edward Steere hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Mpaka leo zimebeba kanisa. Ndugu uliyeanguka baada ya ubatizo, usidhani Mungu amekutupa. Tubu, rekebisha, kisha simama ubebe.

Na nyinyi mnaobatizwa Jumapili, jueni mapema: mkitoka majini, wanunuzi watakuja. Atakuja mwanasiasa na mia mbili yake. Atakuja mtu wa shamba akitaka ushuhudie uongo juu ya mpaka wa jirani. Mwambie kila mmoja, bila matusi, "Pole, nilishanunuliwa."

Maswali ya kikundi
1. Ni wapi wiki hii mtu alijaribu kukupa bei?
2. Kuna kitu unapaswa kurudisha? Kwa nani, na utaanza lini?
3. Tutamsaidiaje ndugu anayepoteza kazi kwa kukataa kuuzwa?

Tuombe: Bwana Yesu, ulitununua tukiwa hatuna cha kukulipa. Utushike, tusirudi sokoni. Amina.