Haki ya Mgonjwa Aliyedhurika Katika Upasuaji: Njia za Kisheria Tanzania Bara

Mwezi Novemba mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa. Aliyepaswa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyepaswa kupasuliwa kichwa alipasuliwa goti. Mmoja wao alifariki dunia baadaye. Tukio hilo liliacha swali ambalo bado huulizwa wodini na majumbani: mgonjwa akidhurika mikononi mwa watabibu, sheria inampa nini, na aanzie wapi?

Si kila dhara ni uzembe

Upasuaji wowote una hatari zake. Damu huweza kuvuja, kidonda huweza kupata maambukizi, na damu huweza kuganda kwenye mishipa hata pale kazi ilipofanywa kwa uangalifu wote. Kwa sababu hiyo, matokeo mabaya peke yake hayatoshi kumpa mgonjwa haki ya fidia. Mdai anapaswa kuthibitisha mambo manne: kwamba mtabibu alikuwa na wajibu wa kumhudumia kwa uangalifu, kwamba wajibu huo ulivunjwa, kwamba mgonjwa alipata dhara, na kwamba dhara hilo lilitokana na uvunjaji huo, si na ugonjwa wenyewe.

Kipimo cha uangalifu kina asili yake katika shauri la Bolam lililoamuliwa Uingereza mwaka 1957. Mtabibu hupimwa kwa kiwango cha wenzake wenye ujuzi wa fani hiyo hiyo, wala hatakiwi kuwa bingwa kuliko wote. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, iliongezwa kwamba maoni ya wenzake hao ni lazima yawe na mantiki. Desturi mbovu haigeuki kuwa halali kwa kuwa wengi wanaifuata.

Mifano miwili itaonyesha tofauti. Kidonda kilichotunga usaha siku ya tano, ilhali dawa zilitolewa na usafi ulizingatiwa, ni tatizo linalojulikana la upasuaji. Kitambaa cha gozi kilichosahauliwa tumboni ni jambo linalojieleza lenyewe, kwa kuwa haliwezi kutokea pasipo mtu kuacha kuhesabu au kuhesabu vibaya. Ieleweke pia kwamba fomu ya ridhaa haihalalishi uzembe. Anayeitia saini hukubali hatari alizoelezwa. Hakubali kupasuliwa kiungo kisichohusika.

Milango minne, kila mmoja na kazi yake

Mlango wa kwanza ni uongozi wa hospitali. Malalamiko yaandikwe, na mlalamikaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hapa mgonjwa huweza kupata maelezo, matibabu ya kurekebisha, na wakati mwingine maridhiano.

Mlango wa pili ni mabaraza ya taaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2017, hupokea malalamiko dhidi ya madaktari. Baraza la Uuguzi na Ukunga hushughulikia wauguzi na wakunga. Baraza huweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta katika rejista. Kazi yake ni nidhamu. Anayetafuta fidia hana budi kwenda kwingine.

Mlango wa tatu ni mahakama katika shauri la madai. Hapa ndipo fidia inapotolewa: gharama za matibabu, kipato kilichopotea, maumivu na ulemavu. Mgonjwa akifariki, wategemezi wake huweza kudai chini ya Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania. Hospitali nayo huweza kushtakiwa kama mwajiri kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini.

Mlango wa nne ni jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inagusa pia tiba inayotolewa kwa pupa au uzembe kiasi cha kuhatarisha uhai. Taarifa hupelekwa polisi, na lengo kuu la shauri ni adhabu. Makosa mengi ya upasuaji hayafikii kiwango hicho.

Muda unaopotea

Wadai wengi hawapotezi haki kwa sababu madai yao ni dhaifu. Huipoteza kwa kusubiri kwenye mlango mmoja hadi mwingine ufungwe. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai yanayotokana na uzembe. Hesabu hulegezwa kwa mtoto, na pale ambapo ukweli ulifichwa kwa hila. Lakini vikao na hospitali, au malalamiko yaliyo mbele ya Baraza, havisimamishi hesabu hiyo.

Kwa hospitali ya umma kuna sharti jingine. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kufungua shauri. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, sharti hilo linahusu pia halmashauri na mashirika ya umma. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Shauri lililopuuza masharti haya hutupwa kabla hata ya kusikilizwa kidonda cha mdai. Ni busara kuzihesabu siku hizo 90 ndani ya ile miaka 3.

Ushahidi uko kwenye jalada

Anayedai ndiye anayethibitisha. Nyaraka zinazohitajika ni fomu ya ridhaa, taarifa ya upasuaji, chati ya dawa ya usingizi, kumbukumbu ya hesabu ya vifaa na gozi, na muhtasari wa kuruhusiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu. Ombi la maandishi huweza kutegemea sheria hiyo. Maoni ya bingwa asiyehusika na hospitali hiyo nayo ni ya lazima katika mashauri mengi.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wao walioko wilayani, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Wajibu wa mtoa huduma

Kwa mtumishi wa afya, kinga iliyo imara ni kumbukumbu iliyoandikwa papo hapo, kwa ukamilifu. Karatasi iliyofutwa au kuongezwa baada ya malalamiko humgeuza mtu aliyekosea kuwa mtu aliyeficha. Mgonjwa aelezwe ukweli mapema, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe kitakachofanyika kurekebisha hali yake.

Kinga nyingine hutangulia kisu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali za miji minane duniani, Ifakara ikiwa mojawapo, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele cha kwanza kabisa cha orodha hiyo ni kuthibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi.

Mgonjwa au ndugu anayedhani dhara limetokea afanye mambo matatu bila kuchelewa: aombe nakala za jalada kwa maandishi, aandike tarehe ya upasuaji na tarehe alipolitambua dhara, na amwone mwanasheria au mtoa msaada wa kisheria wakati mazungumzo na hospitali yakiendelea.